BWANA SHAMBA WAKO: Maji ya kumenyea kahawa yana kazi ya pili



Mwezi huu tuzungumze juu ya maji. Si maji ya mvua, wala si maji ya bomba. Tuzungumze juu ya maji ambayo yamekwisha kufanya kazi moja, kisha watu wanayamwaga. Ni maji yanayotoka kwenye mashine ya kumenyea kahawa.

Huenda utaniuliza: "Bwana shamba, mimi nakaa Pasua. Sina hata mbuni mmoja. Nalima mpunga na mboga. Maji ya kahawa yananihusu nini?"

Yanakuhusu sana. Kahawa iko juu, wewe uko chini. Maji hayapandi mlima, yanateremka. Mto Rau, mto Karanga, mto Weruweru na mto Kikafu yote inatoka Kilimanjaro. Inapita kwanza katika vihamba vya migomba na kahawa, ndipo inafika kwetu tambarare. Mwenzako wa juu akimwaga uchafu mtoni asubuhi, wewe wa chini utakutana nao.

Na wewe ndugu msomaji wa Machame, Kibosho, Uru au Kirua, ambaye kahawa ni yako, soma vizuri zaidi. Unamwaga kitu chenye faida.

Maji hayatoshi

Sisi wa tambarare tunajua thamani ya maji. Mwaka 1987 ujenzi wa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika kwa msaada wa serikali ya Japani. Mashamba ya mpunga yalipimwa na kusawazishwa, kiasi cha hekta 1,100. Maji yake yanatoka mto Rau na mto Njoro. Mavuno yalikuwa mazuri. Wakulima wa sehemu za juu ya mradi walipoona faida, nao walianza kulima mpunga. Maji yakapungua, na watu wakaanza kugombea zamu.

Sasa tazama kalenda. Kahawa ya Kilimanjaro huvunwa zaidi kuanzia mwezi wa Julai hadi Desemba. Julai hadi Oktoba ni kiangazi. Mito imepungua na mifereji ni myembamba. Basi wakati ule ule ambao mashine za kumenyea zinafanya kazi, ndio wakati mto hauna nguvu ya kubeba uchafu. Tena ndio wakati shamba lina kiu kubwa.

Ndiyo maana nasema maji hayo yasiende mtoni. Yasafishwe, kisha yaende shambani.

Kuna nini ndani ya maji hayo?

Kahawa mbivu ina ganda jekundu. Ndani ya ganda kuna ute mtamu. Ndani ya ute kuna punje. Ukichukua kilo 5 za kahawa mbivu, ukaimenya, ukaivundika, ukaiosha na kuianika, unapata kama kilo 1 tu ya kahawa kavu ya kupeleka chamani. Maganda na ute vimebaki nyuma. Maganda unayaona. Ute huuoni, maana umeyeyuka ndani ya maji.

Ute huo una sukari. Wewe unajua mbege. Maji ya ndizi yenye utamu yakikaa, yanachachuka. Yakikaa zaidi, yanakuwa makali kama siki. Maji ya kahawa ni hivyo hivyo. Leo ni matamu, baada ya siku chache ni makali.

Maji makali yakimwagwa kwenye mmea yanaunguza mizizi. Yakimwagwa mtoni yanafanya jambo jingine baya. Ndani ya maji kuna vijidudu vidogo sana ambavyo macho hayavioni. Vijidudu hivyo vinakula sukari, na vinapokula vinatumia hewa iliyomo ndani ya maji. Samaki naye anahitaji hewa hiyo. Akiikosa anakufa. Maji yanakuwa meusi na yananuka. Ng'ombe anayakataa.

Kosa langu mwenyewe

Nitakusimulia kosa nililofanya mimi, ili wewe usilifanye.

Miaka kama kumi na tano iliyopita nilikuwa bwana shamba katika kijiji kimoja cha mlimani. Nilikuwa na cheti kipya na viatu vipya. Kikundi kimoja pale kilikuwa na mashine ya kumenyea kahawa. Maji machafu yalikuwa yanaingia katika mfongo, yaani ule mfereji wa asili waliouchimba wazee wetu.

Siku moja walikuja watu wa kitongoji cha chini, wanaume watatu na akina mama wengi. Hawakuja kwa ugomvi, lakini uso wa kila mtu ulikuwa umekunjamana. Mama mmoja alikuja na ndoo. Aliiweka chini mbele ya mwenyekiti, akasema: "Baba, tunaomba unywe." Mwenyekiti alitazama ndani ya ndoo. Hakunywa. Hakusema neno.

Kikundi kikaniita. Mimi nikatoa jibu haraka. Nilisema: "Maji ni maji. Yageuzeni yaingie katika bustani ya kabichi." Bustani ile ilikuwa ya akina mama wa kikundi. Kabichi zilikuwa zimeanza kufunga.

Waliyageuza. Baada ya wiki mbili walikuja kuniita tena. Majani yalikuwa ya njano, na kingo zake zimeungua. Udongo ulikuwa na utando wa kuteleza na unanuka. Zaidi ya nusu ya kabichi zilikufa. Fedha za kabichi zile zilikuwa zimepangwa kwa sare za shule.

Meku mmoja aliinama, akashika udongo, akaunusa. Akaniuliza: "Bwana shamba, huko chuoni hamkufundishwa kunusa?"

Nilikuwa sina la kusema. Niliwaomba radhi akina mama wale. Nilinunua mbegu nyingine kwa mshahara wangu. Kisha nilifanya kile ambacho ningefanya mwanzo. Niliuliza wanaojua. Nilikwenda Lyamungo, ambako utafiti wa kahawa umefanyika tangu miaka ya 1930. Pale nilielezwa vizuri. Maji ya kahawa mabichi ni adui. Maji ya kahawa yaliyopumzishwa ni rafiki.

Tulirudi tukachimba. Msimu uliofuata mfongo ulikuwa mweupe. Maji yaliyosafishwa yalinywesha mabingobingo na migomba. Hayo niliyojifunza ndiyo ninayokueleza hapa chini.

Jinsi ya kuyasafisha

Kazi hii ni ya kikundi au chama. Mtu mmoja peke yake ataona nzito. Fuata hatua hizi.

1. Tumia maji kidogo. Maji machache ni rahisi kusafisha kuliko maji mengi. Maji yaliyokwisha kumenyea yanaweza kurudishwa kwenye mashine yakamenyea tena siku hiyo hiyo. Usiyaweke mpaka kesho. Yatachachuka na kuharibu ladha ya kahawa. Maji ya kuoshea kahawa yawe safi siku zote.

2. Chuja maganda. Weka wavu mahali maji yanapotoka. Maganda yasiingie katika maji yaliyosimama, kwa sababu yataendelea kutoa sukari. Yapeleke kwenye shimo la mboji. Changanya na samadi na majani makavu. Geuza mara kwa mara. Mboji ikiwa nyeusi, imepoa na hainuki, irudishe kwenye kahawa. Usirundike maganda mabichi kwenye shina la mmea. Yanapata moto.

3. Tulizeni maji katika shimo la kwanza. Uchafu mzito utazama. Ute utapanda juu kama povu zito. Uondoe ute huo kwa chepe, upeleke kwenye mboji.

4. Punguza ukali kwa chokaa. Chokaa inashinda ukali. Tia kidogo, koroga, kisha pima. Kuna karatasi ndogo za kupimia ukali wa maji. Ukichovya, inageuka rangi. Kwenye pakiti yake kuna namba. Maji makali ya kahawa yana namba 4 au chini yake. Tunataka namba iwe kati ya 6 na 8. Ukifika hapo, acha. Chokaa ikizidi nayo inadhuru mimea. Funika pua na macho unapotia chokaa. Watoto wakae mbali.

5. Pumzisha maji katika mabwawa. Bwawa la kwanza liwe na kina kirefu, mita 2 au zaidi. Huko chini hakuna hewa, na kuna vijidudu vinavyokula uchafu bila hewa. Bwawa la pili liwe na kina cha mita 1 au 1 na nusu, na liwe pana. Hapo jua na upepo vinafanya kazi. Maji yakianza kuwa na rangi ya kijani, usiogope. Ukijani huo unaingiza hewa ndani ya maji.

6. Pitisha maji katika bustani ya matete. Chimba mtaro mpana, jaza kokoto, panda matete. Maji yapite polepole kati ya mizizi. Mizizi na kokoto vinashika uchafu uliobaki.

Njia hii ya matete si ndoto. Arusha, katika miaka ya 2010, watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela walifanya kazi na kiwanda cha mvinyo wa ndizi cha Banana Investments. Maji machafu ya kiwanda yalipitishwa kwanza katika mtambo unaotoa gesi ya kuwashia moto. Kisha yalipitishwa katika bustani ya mimea ya majini. Ndizi na kahawa ni ndugu katika jambo hili. Zote zinaacha maji yenye sukari.

Mahali pa kuchimba

Usichimbe karibu na mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Usichimbe karibu na kisima au chemchemi. Udongo wetu wa mlimani unapitisha maji upesi. Kwa hiyo kandika bwawa kwa udongo wa mfinyanzi, au tandika turubai gumu la nailoni. Zungushia ua. Mtoto akiteleza humo, ni msiba.

Pia usiunganishe bomba la choo na maji hayo. Nitaeleza sababu.

Kipimo cha makopo sita

Sasa utajuaje kwamba maji yamekuwa tayari? Usifanye kama mimi. Usijaribu katika bustani nzima. Jaribu katika makopo.

Chukua makopo sita. Toboa chini. Jaza udongo ule ule. Panda maharage. Yakiota na kuwa na majani mawili, gawa makopo. Matatu nywesha maji ya mto. Matatu nywesha maji yaliyosafishwa. Fanya hivyo kwa siku kumi. Kama maharage yote yanalingana, maji ni mazuri kwa mimea. Kama yale ya maji yaliyosafishwa ni ya njano au yamedumaa, maji bado. Yarudi kupumzika.

Makopo sita na maharage kumi na mbili vingeokoa kabichi zile zote.

Ya kunywesha na ya kuacha

Anza na mabingobingo ya ng'ombe, migomba na miti. Mimea hiyo ni migumu. Kahawa yenyewe nayo inafaa. Baadaye, ukiona mambo ni mazuri, nywesha mahindi na maharage. Mboga ziwe za mwisho.

Mwaga chini, kwenye udongo. Usimwage juu ya majani. Leo nywesha upande mmoja, wiki ijayo upande mwingine. Udongo nao unahitaji kupumua. Ukiona maji yanatuama au udongo unanuka, simamisha.

Maji ya mji ni jambo jingine

Wasomaji wa Pasua na Mabogini watasema: "Sisi tumezoea maji yaliyosafishwa." Ni kweli. Maji machafu ya mji wa Moshi yanapelekwa katika mabwawa ya Mabogini. Yakitoka huko, wakulima wameyatumia kulima mpunga. Mwaka 2014 watafiti waliandika juu ya jambo hilo, na habari ya Moshi ikasomwa hata nchi za nje.

Lakini tofautisha. Maji ya kahawa yana sukari na ukali. Maji ya mji yana choo. Ndani ya choo kuna mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara. Kipimo cha makopo hakiwezi kuonyesha minyoo. Maharage yatastawi sana, na mtoto wako ataumwa. Ndiyo maana nilisema usiunganishe choo na maji ya kahawa.

Dawa ya mayai ya minyoo ni muda. Yai la minyoo ni zito kuliko maji. Maji yakitulia, linazama. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maji ya namna hiyo yakae katika mabwawa siku 8 hadi 10 kabla ya kunywesha mazao yasiyoliwa mabichi. Yakitumika kwa mboga zinazoliwa mbichi, lazima yasafishwe zaidi ya hapo. Kwa hiyo maji yanayotoka mabwawani yasiibwe njiani kabla ya kumaliza safari yake. Anayetoboa ukuta wa bwawa la kwanza ili apate maji mapema anakaribisha minyoo nyumbani kwake na kwa jirani.

Kama unalima kwa maji hayo, shika mambo haya:

- Vaa mabuti ya mpira. Katika mashamba yetu ya mpunga kuna kichocho pia.
- Nawa kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumshika mtoto.
- Usinywe maji hayo. Usioshee vyombo wala mboga.
- Lima mpunga au zao jingine linalopikwa. Nyanya, karoti na kabichi za kachumbari zipate maji mengine.
- Acha kunywesha wiki mbili kabla ya kuvuna.
- Peleka watoto zahanati wapate dawa ya minyoo.

Wazazi wetu walipata mafunzo ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Walichimba vyoo na kuchemsha maji. Sisi watoto wao tusiirudishe minyoo kwa mlango wa shamba.

Nani aanze?

Katika mkutano mmoja mtu alisema: "Mimi nikisafisha na jirani hasafishi, nimepata nini?" Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba anayesafisha anapata mboji, anapata majani ya ng'ombe wakati wa kiangazi, na hagombani na watu wa chini. Asiyesafisha anapoteza vyote hivyo. Tena anavunja sheria. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mtu apate kibali kabla ya kumwaga maji machafu mtoni. Kwa upande wetu vibali hivyo viko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Maofisa wao wanaweza pia kuwaeleza mahali pa kupimisha maji. Waiteni kabla ya kuchimba, si baada ya ugomvi.

Ila sheria haichimbi bwawa. Wanaochimba ni watu. Kazi ile tuliyoifanya mlimani ilichukua siku kumi na mbili kwa majembe na sururu. Na watu wa kitongoji cha chini, wale waliokuja na ndoo, walikuja kusaidia kuchimba. Mama yule naye alikuja. Alibeba kokoto.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Maji ya kahawa yanazoleka, ndugu msomaji, kama utayazuia kabla hayajafika mtoni. Msimu ukianza Julai, mashimo yawe yamekwisha kuchimbwa. Yazungumzeni katika mkutano wa chama mwezi huu.

Kwaheri mpaka mwezi ujao.

Bwana shamba wako, Pasua

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Maji ya kahawa yanafanana na mbege kwa jambo gani?
2. Kwa nini uchafu wa kahawa unaudhuru mto zaidi wakati wa kiangazi?
3. Chokaa inafanya kazi gani? Ikizidi kuna hatari gani?
4. Kipimo cha makopo sita kinaonyesha nini? Hakionyeshi nini?
5. Katika kijiji chenu, nani yuko juu ya mfereji na nani yuko chini? Mara ya mwisho mlikutana lini?